Filamu Isiyomchekesha Mama Mkwe

Wadogo zangu mnaoshika maikro leo, mmeniomba niandike namna kazi ya ukalimani wa filamu ilivyokuwa kabla yenu. Nimekubali, maana sauti imeniisha lakini mkono bado unaandika. Juma lililopita nilistaafu rasmi, kama neno hilo linamfaa mtu ambaye ofisi yake ilikuwa kigoda. Watu walipiga makofi, Furaha, mmoja wenu, akapokea maikro, mimi nikarudi nyumbani kwa miguu. Hotuba haikuwapo, na ni bahati nzuri, kwa sababu mwenye kuhutubu pale siku zote nilikuwa mimi.

Kwa asiyeijua kazi yetu, nieleze kidogo. Filamu inafika hapa Uvira, mji wetu wa ziwani, ikisema Kichina, Kihindi au Kiingereza, na watu waliokaa kwenye mabenchi wanasema Kiswahili. Mkalimani anakaa katikati. Sauti ya filamu inapunguzwa, yake inapandishwa, na yeye anasema kwa niaba ya wote: jambazi, polisi, bibi arusi, hata mbwa, kama mbwa ana neno. Ukumbi wetu ulikuwa mtaa wa Kimanga, nyuma ya fundi viatu. Ulikuwa na kuta za mbao, mabati juu, mabenchi kumi na mawili, televisheni moja mezani na jenereta nje uani. Mwenye ukumbi aliitwa Patron Kashindi, mtu mwembamba aliyeipenda jenereta yake kuliko alivyotupenda sisi.

Mimi nilikuwa mwalimu wa Kifaransa, mwenye sauti kubwa na wanafunzi wasiosikiliza. Siku moja Mzee Sadoki, mkalimani wa pale, alishikwa na mafua, akanifuata shuleni kwa sababu alikuwa ananisikia tangu barabarani. Akanikalisha kwenye kigoda, akanipa maikro. Filamu ikaanza, na ilikuwa ya Kichina.

“Muzee,” nikamnong’oneza, “minye sijue Kichina.”

“Na wao hawajue. Angalia mikono. Muntu akikunja ngumi, haombi chumvi.”

Basi nikaangalia mikono. Nusu saa haijapita, shujaa akapigwa, akaanguka, akalala. Nikatangaza kwa huzuni yote niliyokuwa nayo kwamba amekufa, na kwamba mama yake amebaki peke yake. Mama mmoja benchi ya mbele akaanza kulia. Halafu yule marehemu akafumbua macho, akasimama, akadai upanga wake. Nikasema haraka haraka kwamba ilikuwa malaria tu, sasa amepata nafuu. Hakuna aliyepinga. Malaria kila mtu anaijua.

Sadoki alicheka mpaka mafua yakamtoka, na toka siku ile akaanza kunifundisha. Alikuwa fundi kweli kweli, na mkali. Maikro alikuwa anaivalisha soksi, soksi safi, akasema mate ya mkalimani ni kutu. Chini ya kigoda kulikuwa na chupa ya maji ya tangawizi yasiyo na sukari. Ndagala za kukaanga, dagaa wa huku kwetu, alinikataza kabisa kabla ya kazi: mwiba mmoja kooni na jambazi anakufa mara mbili.

Kigoda chenyewe alikiweka kwa namna yake, pembeni ya televisheni, mgongo ukielekea watu. Niliuliza kwa nini nisikae niwaone. Akasema nikiwaona nitaanza kusemea rafiki zangu, au msichana mzuri wa benchi ya tatu, na filamu itabaki yatima. “Filme unaiangalia na macho,” akasema. “Batu unabaangalia na mugongo.”

Nilidhani ni maneno ya uzee tu. Lakini baada ya mwaka mmoja mgongo wangu ulikuwa unaona. Wabeba mizigo wa bandari ya Kalundu wanacheka na miguu, wanapiga chini mpaka vumbi linapanda. Mama wauza samaki wanapigana makofi begani. Wanafunzi wanapiga miluzi. Watu walioshuka kutoka milimani hawacheki pale pale: wananyamaza kwa adabu, kisha utawasikia njiani wakienda, wanakumbushana na kuangua kicheko hadi Kavimvira. Hata kimya nilijifunza kukisoma. Mtu anayesikiliza hasogezi benchi. Aliyechoka anakohoa. Aliyekatishwa tamaa anatafuta viatu vyake.

Kulikuwa na kesi ngumu, jamani. Kulikuwa na filamu za mahakama, ambamo mawakili watatu wanasema kwa pamoja, nami nina mdomo mmoja. Filamu za Kihindi zilikuwa na nyimbo ndefu kiasi kwamba niliweza kwenda kukojoa nikarudi, bado wako kwenye maua. Na kulikuwa na kubusiana. Wazee wa kanisa walikuwa wanaingia siku moja moja kukagua, basi mtu na mpenzi wake wakikaribiana, mimi nilitangaza: “Hapa wanasalimiana.” Kwa miaka mingi, pale Kimanga, watu wa filamu walisalimiana sana.

Sheria kubwa ya Sadoki ilikuwa moja. Asubuhi, kabla ya kuonyesha filamu mchana, mkalimani anaiangalia peke yake, yote, toka jina la kwanza mpaka la mwisho. Patron anung’unike kuhusu mafuta ya jenereta, jua liwake, wewe unaangalia. Sadoki alipokufa, nilimwahidi mjane wake pale pale msibani kwamba sitaivunja. Niliivunja mara moja. Ndiyo ninayotaka kuwasimulia, mengine yote yalikuwa kusafisha koo.

Mke wangu Zawadi ni mtoto wa Mulenge, juu kule kwenye ng’ombe na ukungu. Nilipanda kwenda kumposa, nikapewa. Ya siku hiyo nitayasema mahali pake. Mama yake, Mama Nabintu, ni mwanamke mrefu wa maneno machache, mkulima wa maharage, mwimbaji wa kanisani. Kila kiangazi alikuwa anashuka kututembelea. Alilala kwetu, alibeba wajukuu, alimfundisha Zawadi mambo yake yote. Lakini hakula. Alikuja na unga wake, maharage yake na chumvi yake, akapanga mafiga yake matatu uani, akapika sufuria yake ndogo, akala peke yake amegeukia ukuta.

Zawadi alimwuliza mwaka wa kwanza. Akajibiwa: “Nitakula siku nitamujua huyu muntu.” Mwaka wa pili jibu lilikuwa lile lile. Miaka saba, ndugu zangu. Majirani walianza kuuliza kama tunamnyima mgeni chakula. Zawadi alikuwa anapika samaki wa mukeke mzima, anaufunika vizuri, na jioni anaufunua anaukuta ulivyo. Nilimwona mara nyingi akilia juu ya ile sahani, na mimi sikuwa na la kumwambia, kwa sababu asiyejulikana nilikuwa mimi. Nilidhani sababu ni kazi yangu. Mama mkwe alikuwa amesikia tu kwamba mkwe wake anakaa gizani mchana kutwa akisema peke yake.

Mwaka wa nane akasema, bila kunitazama, kwamba Jumamosi atakuja kuona hiyo kazi.

Nilipagawa kwa furaha. Filamu za vita zingemwogopesha, kwa hiyo nikamwomba Patron komedi. Akaleta mpya, jalada lake lina mwanaume mnene ameketi juu ya keki. Jumamosi asubuhi nilipaswa kuiangalia. Jenereta ilikuwa inakohoa, Patron akasema tuihurumie mpaka saa tisa, na mimi sikubisha hata kidogo. Nilikuwa na jambo tamu zaidi: nilichukua megafoni nikazunguka Kimanga, nikafika mpaka Kalundu kwenye mitumbwi ya samaki, nikitangaza: “Leo mutacheka mpaka mbavu iume! Mukuje na mama zenu!” Na kweli walikuja na mama zao.

Saa tisa ukumbi ulijaa. Mama mkwe alikaa benchi ya pili karibu na Zawadi, amejifunga kikwembe, kitenge chake cha kanisani. Nilimsalimia kwa mbali, macho chini kama inavyotakiwa, nikaketi, nikampa mgongo.

Sasa mjue kwamba kwetu, mbele ya mama mkwe, mwanaume hana tumbo, hana choo, hana kitanda. Maneno hayo hayatoki kinywani mwake. Hata kuumwa, anaumwa kichwa tu.

Dakika ya kwanza, yule mnene akakaa kwenye keki akatoa upepo wa tumbo. Nikasema kwenye maikro: “Anasema kichwa inamuuma.”

“Mukalimani!” mtu akapaza sauti nyuma. “Ile tumesikia sisi wenyewe!”

Watu wakacheka, lakini walinicheka mimi, siyo filamu. Nikajipa moyo, labda ni mwanzo tu. Dakika ya tano akatoa upepo tena, safari hii ndani ya lifti. Dakika ya kumi, kanisani, penye maiti. Katikati kulikuwa na matusi, na matusi yenyewe hayakuwa na akili yoyote, ni kutaja viungo vya watu kimoja baada ya kingine kama daktari anayefanya mtihani. Nilibadilisha kila kitu. Kiungo hiki nikakiita goti, kile nikakiita kiwiko. Kufika nusu saa, nilikuwa nimeshawaambia watu wa Uvira kwamba dunia nzima inagombania kiwiko.

Mgongo wangu ukaanza kusikia. Hakuna miguu iliyopiga chini. Hakuna makofi ya mabegani. Mtu alikohoa, mwingine akakohoa. Halafu benchi zikalia, na nikasikia kandambili zikitafutwa gizani. Nilikuwa sijawahi kusikia ukumbi mzima ukitafuta viatu.

“Hii filme iko na kuchekesha wapi?” akauliza mama mmoja muuza ndagala. Hakuuliza kwa hasira, na ndiyo iliyoniuma. “Nimeacha samaki yangu juani, mukalimani. Ulisema mbavu itauma.”

“Hata sisi ba porti tumechoka,” ikasema sauti nene. Ilikuwa ya Mabamba, mbeba mizigo ambaye matusi yake yanajulikana toka Kalundu mpaka Makobola. “Minye natukana kila siku, lakini ninatukanaka na sababu!”

Na hapo, kwenye televisheni, mnene akapanda kwenye kiti akachungulia dirisha la bafu. Ndani ya bafu alikuwa mama mkwe wake.

Nikanyamaza. Picha zikaendelea zenyewe, bibi mzima na povu la sabuni, na mkwe wake anacheka dirishani. Nilitamani mabati yaniangukie. Nyuma yangu ikasikika sauti moja, ya taratibu, ya Kimulenge kabisa.

“Mukalimani.” Hakusema mkwe. “Huyu muntu, kwabo hakuna wamama?”

Nilimwambia Patron azime. Akakataa, akasema filamu ikianza inamalizika, ndiyo desturi ya ukumbi. Basi nilinyoosha mkono nikazima televisheni mwenyewe. Kisha nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya toka Sadoki anikalishe pale: nikageuza kigoda, nikawatazama watu. Mlango ulikuwa umefunguliwa na waliotaka kutoka, jua likaingia, nikawaona wote. Walikuwa wamenuna. Mabamba alikuwa amekunja mikono. Zawadi alikuwa ameinamisha kichwa na machozi yanamdondoka kwenye mapaja. Mama mkwe alikuwa ameshasimama.

“Nimekosea,” nikasema. “Filme hii sikuiangalia asubuhi. Niliwaita bila kujua ninawaitia nini. Ni kosa yangu, siyo ya Patron, siyo ya jenereta. Samahani sana, wamama.”

Mkalimani hakiri kosa, hiyo ilikuwa nayo desturi. Akikosea anasema ni malaria. Waliokuwa mlangoni wakasimama kidogo, nadhani kwa mshangao.

“Niliwaahidi kucheka,” nikaendelea, “basi mukae kidogo, nitawaambia habari ya muntu mmoja.”

Sikuwa na habari yoyote. Nilikuwa na moja tu, ambayo sikuwahi kumwambia mtu, hata Zawadi. Nikaanza.

Nikasema kulikuwa na mwalimu mmoja wa mjini, maskini ya Mungu, aliyependa msichana wa milimani. Siku ya kwenda kuposa akaazima viatu vya shemeji yake, namba arobaini na tano, yeye anavaa arobaini na moja. Akavijaza magazeti. Akapanda mlima siku nzima, magazeti yanatoka moja moja, mpaka ungeweza kumfuata njia nzima kwa kusoma habari. Ukumbini, benchi za nyuma, mguu mmoja ukapiga chini, kisha wa pili. Nikaendelea: akafika uani, wazee wamepangwa mstari, mama wa msichana kati yao, ng’ombe wamepita pale asubuhi. Mwalimu akanyoosha mkono kusalimia. Kiatu kikabaki nyuma, mwalimu akaenda mbele, puu, magoti yote mawili ndani ya mavi ya ng’ombe, mbele ya wakwe!

Ukumbi ukapasuka. Nilikuwa nimetamka neno lile mbele ya mama mkwe na nilikuwa sijafa.

“Sasa afanye nini?” nikasema. “Akabaki pale pale na magoti, akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya heshima: Wazazi, nimewapigia magoti. Na wazee wakapendezwa! Wakasema, tazama kijana wa mujini mwenye adabu. Wakamupa mke. Mpaka leo kule juu wanajua alipiga magoti, na hakuna hata mmoja—”

“Alianguka.”

Mama Nabintu alikuwa bado amesimama. Watu wote wakamgeukia.

“Hakupiga magoti, alianguka,” akasema. “Minye niliona. Kiatu niliona, gazeti niliona. Wazee hawakuona, walikuwa banaangalia ng’ombe. Muzee mukubwa akauliza, huyu iko anafanya nini chini? Ni minye nilijibu: Amepiga magoti, baba, ni heshima ya mujini.”

Mimi, mwenye kusemea Wachina na Wahindi, niliweka maikro chini.

“Kwa nini, mama?” Zawadi akauliza.

“Weye ulikuwa unalia nyuma ya mulango. Nilikuona unamupenda.” Kisha akanitazama mimi, usoni kabisa, kinyume cha desturi zote tulizo nazo. “Lakini nikasema, huyu muntu ni mwongo na minye nimemusaidia. Nikangoja siku atasema mwenyewe. Nimengoja, nimengoja, mpaka chumvi yangu inaisha!”

Na akacheka. Miaka minane sikuwahi kusikia kicheko cha mama mkwe. Alicheka amejifunika mdomo na kikwembe, mabega yanaruka, na mama wauza samaki wakampiga makofi begani kama mwenzao wa siku zote. Mabamba alipiga chini mpaka fundi viatu akaja kuangalia kama ukuta umeanguka. Mimi nililia, sifichi. Nilikaa pale kwenye kigoda, nimetazamana na watu, nikilia na kucheka.

Tulirudi nyumbani jua bado liko juu ya milima. Mama mkwe alifika uani, akaangalia mafiga yake matatu, akayapita. Akaingia ndani, akakaa kwenye mkeka, akamwambia Zawadi alete maji ya kunawa. Zawadi aliyaleta mbio mpaka akamwaga nusu. Kulikuwa na bugali na ndagala na mboga ya sombe, chakula cha kawaida tu, maana mukeke hatukununua mwaka ule, tulikuwa tumekata tamaa. Akamega tonge, akachovya, akatafuna taratibu. Sisi wawili tukasimama kama washtakiwa.

“Zawadi,” akasema mwishowe, “ndagala zako ziko na chumvi mingi.”

Akala zote.

Ile filamu Patron aliirudisha alikoitoa. Mimi tangu siku ile niliangalia kila filamu asubuhi, hata zile nilizokuwa nimezifasiri mara kumi, na ninyi nanyi mtafanya hivyo, hata kama leo inakuja kwenye kidude kidogo kuliko kidole. Kaeni muiangalie yote. Watu wanaacha samaki wao juani kwa ajili ya neno lenu.

Mama mkwe sasa ni mzee sana, milima imemshinda, anakaa nasi hapa. Hasikii vizuri, lakini jambo moja analisikia hata akiwa jikoni. Wakija wageni, na mimi nikiwa na hamu ya kicheko chake, ninaanza kuwasimulia jinsi nilivyoposa, na nikifika uani kwa wakwe ninasema kwa sauti kubwa kwamba nilipiga magoti. Kisha ninageuka, ninampa jiko mgongo, na kungoja.